Mkia wa Mikro

Likasi, Jumatano, tarehe 15 Oktoba

Kwa yaya wangu, kaka mkubwa Georges,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mkeo mama Carine na watoto, na zikukute mko wazima wote hapo Lubumbashi. Sisi huku tunapumua. Yale mafua ya mwezi wa nane yameniacha, mguu wa Papa unauma asubuhi tu, na jua la Oktoba linatupiga utadhani tulilikosea. Presha ya Carine imeshuka? Mwambie aiache ile samaki ya chumvi, hata kama wewe unaipenda.

Najua umeigeuza bahasha mara mbili ukijiuliza nani siku hizi anaandika barua. Simu ninayo, Yaya, na megabaiti ninazo. Lakini habari ninayokuletea imebebwa na herufi moja, na herufi hiyo siiamini tena kupita kwenye mashine yoyote iliyotengenezwa na binadamu. Kwa hiyo nimeandika kwa kalamu ya bic, nimempa Idriss dereva mkononi, na nimemwapisha akukabidhi wewe mwenyewe, si mlinzi wala jirani. Isome mpaka mwisho kabla hujanipigia. Nakufahamu, ukifika katikati utatafuta simu. Iache ilipo.

Umesema Jumamosi unakuja na kamio, lori zima, kumchukua Papa, kitanda chake na redio yake, na nyumba tuifunge. Umesema baba yetu hawezi kubaki akinywa sumu kwa ukaidi. Sikulaumu. Wewe ulichokijua ni kile kilichokufikia kwenye simu kama kilivyowafikia wote: kwamba maji ya kisima cha Papa yana urani zaidi ya mara mia ya kikomo. Sasa nakwambia, na ninaandika polepole: si kweli. Maji ya Papa ni mazuri.

Unakikumbuka kisima kilivyoanza. Papa alikichimba mwaka ule aliopata pensheni, mita kumi na moja, na mabomba ya avenyu, ya mtaa wetu wote, yalikuwa yameshakauka. Tangu hapo avenyu nzima inachota kwake na hajamwomba mtu chochote, isipokuwa amri zake za labo. Ndoo ya kisima haitoki, ndoo ya mtu haiingii. Kifuniko kinaoshwa kila Jumamosi na tarehe inaandikwa juu yake kwa rangi. Watu walimcheka wakamwita Papa Labo, lakini walifuata, na kwa miaka tisa hakuna tumbo lililouma kwa maji yale. Mtu aliyekaa miaka thelathini kwenye maabara ya kiwanda, akipima mawe ya wenzake, alikuwa hatimaye na kitu chake mwenyewe cha kulinda.

Mwezi wa nane alikuja mtaalamu mmoja kutoka huko kwenu, bwana Hervé, kupima kisima kimoja kwa kila avenyu. Kwetu akachagua cha Papa kwa kuwa ndicho chenye watu wengi. Papa alifurahi, Yaya, ungemwona! Alivaa shati la misa. Akamsimamia Hervé akamwambia chupa inasuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale kabla ya kujazwa, na Hervé akacheka, akatii. Wakakaa saa nzima wakizungumzia vipimo. Alipoondoka Papa aliniambia kijana yule anajua kazi, tatizo lake ni mwandiko.

Mwandiko huo nilikuja kuujua mimi. Mwanzo wa Septemba Hervé aliingia kwenye sekretaria yangu, ofisi yangu ya kuchapa, na daftari lake. Alikuwa ameharakishwa, anaenda kupima maji ya vijiji vya pembeni mwa ziwa Tshangalele, akaniomba nimchapie ripoti ya Papa nakala mbili: moja aondoke nayo, moja ya shefu wa kartie, mkuu wa mitaa yetu, bwana Kalenga. Ukurasa mmoja tu. Nilifurahi kwamba jina la Papa litapita mikononi mwangu.

Sasa nikueleze kuhusu mashine, maana hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma na hakijapoa. Kompyuta yangu ya zamani, ile ya kibodi ya Kifaransa niliyoifanyia kazi miaka kumi na miwili, iliungua mwezi wa saba. Umeme ulikatika, ukarudi na hasira zake. Nikaenda Kasumbalesa nikanunua nyingine iliyotoka Dubai, nyembamba, inang'aa, na kibodi ya Kiingereza. A inakaa mahali pa Q. M imehama, imeenda kukaa chini na N. Wiki ya kwanza nilimchapia padre matangazo ya ndoa, na hakuna hata bwana harusi mmoja aliyelitambua jina lake. Nilibandika vikaratasi juu ya vitufe, nikazoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana.

Lakini kuna kitufe kimoja kwenye kibodi ya Kifaransa, karibu na kile cha kushukia mstari. Ukikibonyeza pamoja na cha herufi kubwa, inatoka µ. Ile mikro ya Papa. Wewe ulisoma biashara, huenda umesahau, lakini Papa alitufundisha kwa chaki kwenye meza ya kulia kabla Mama hajaleta ugali wa bukari: unaanza na mkia, unapanda, unachora bakuli, unamalizia na kaguu. Bakuli lenye mkia ni mikro. M yenye miguu mitatu ni mili. Mikro elfu moja ndizo zinafanya mili moja. Alikuwa akigonga meza kwa kijiko na kusema mtu akisahau mkia amezidisha mara elfu, na mtu wa labo anaweza kufungwa kwa ajili ya mkia. Basi kitufe hicho kwenye mashine ya Dubai hakipo. Nilikitafuta mpaka nikaona aibu. Herufi ya Kigiriki! Wagiriki waliokuwa na maduka hapa zamani walifunga wakaenda zao, na hii moja wakatuachia ya kututesa.

Mwalimu mmoja wa fizikia, aliyekuwa anangoja fotokopi zake, alinihurumia akanionyesha ujanja. Unaandika m ya kawaida. Unaichagua. Kisha unabadilisha police yake, yaani mtindo wa herufi. Jina hilo sikulitunga mimi. Unachagua inayoitwa Symbol, na papo hapo m inaota mkia. Nilicheka peke yangu kama mtoto. Nikaandika mstari wa Hervé kama ulivyokuwa kwenye daftari: Urani, 4 µg kwa lita, kikomo, 0,03 mg kwa lita. Kwa nini aliandika kipimo kwa mikro na kikomo kwa mili, kwenye mstari mmoja, mwulize yeye. Wasomi hawa wanapenda kutupima akili. Lakini ukihesabu kama Papa, mikro nne ni 0,004 ya mili, haifiki hata sehemu ya saba ya kikomo. Nilichapa nakala mbili, mikia yote ikatoka, nikapiga muhuri. Hervé akachukua yake akaenda ziwani.

Nakala ya Kalenga ikakaa. Nilimtumia ujumbe aje kuichukua, akanijibu kwamba yeye ni mtu wa kisasa, karatasi zinamjazia nyumba, nimtumie kwenye simu. Nikataka kumtumia PDF, akasema hapana, anataka ile inayoweza kukopiwa, aiingize kwenye ripoti yake ya kartie. Nikamtumia. Yeye akakata ule mstari akaubandika kwenye grupu ya WhatsApp ya avenyu yetu, ile yenye watu mia mbili na salamu za asubuhi zenye maua. Na mstari ulipofika huko, mkia haukuwepo. Ukasomeka: Urani, 4 mg kwa lita, kikomo, 0,03 mg.

Kalenga kwa kutoa na kugawa ni hodari. Akaandika chini yake, kwa herufi kubwa zote, kwamba maji ya Papa Labo yamezidi kikomo mara mia na zaidi. Hakumpigia Papa. Hakunipigia mimi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekuja na mafundi wawili na mnyororo, wakakifunga kile kifuniko mbele ya wanawake waliosimama na bidoni zao, madumu ya maji, na Papa amesimama pale na brashi ya rangi mkononi maana ilikuwa Jumamosi.

Yaliyofuata unayajua nusu. Mama Marlène wa nyumba ya kona, aliyechota maji yale kwa ubatizo wa watoto wake wote, ndiye aliyetangulia kusema. Alisema sasa ameelewa. Papa alikuwa anapima mawe ya Shinkolobwe, ule mgodi wa urani, kiwandani, si ndiyo, na mawe yalikuja kwenye vifuko vidogo, si ndiyo, basi vifuko vilienda wapi? "Ule muzee alileta majiwe ya Shinkolobwe mu parcelle yake, alizika, njo maji imeyeyusha." Hivyo tu: mawe yamezikwa kwenye kiwanja chake, maji yameyayeyusha. Kufikia Jumapili ilikuwa kweli kamili. Kila mtu alikuwa na shangazi aliyewahi kumwona Papa akichimba usiku. Watu ambao hawajui urani ni kitu cha kula au cha kuvaa walikuwa wakinieleza inavyong'aa gizani. Nilipowauliza kwa nini basi hakuna hata mmoja aliyeumwa kwa miaka tisa, walisema sumu ya namna hiyo inangoja. Na wakamalizia na lisemwalo lipo.

Kanisani benchi la Papa lilibaki na Papa peke yake. Amezoea kukaa mwisho karibu na dirisha, na wale wanne wa siku zote wakahamia upande wa pili, wakajifanya wanafuata upepo. Komunyo aliipokea wa mwisho. Idriss tu ndiye aliyeendelea kuja kumsalimu kila asubuhi. Anasema maji aliyotawadhia miaka tisa hayawezi kumgeuka kwa sababu ya ujumbe wa simu. Mwislamu huyo ametuaibisha Wakristo wote wa avenyu, na mimi wa kwanza.

Na Papa sasa anachota maji kwenye bomba la kule chini karibu na soko, na bidoni moja juu ya baiskeli, anaisukuma kwa miguu, miaka sabini na nane. Nilijitolea kumchotea akakataa. Wewe ulimpigia ukamwambia wazee wana ukaidi na sayansi ni sayansi. Alikusikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu, akaniambia Georges anasema sayansi, lakini hajauliza swali hata moja.

Maana yeye, tangu siku ya kwanza, alikuwa anauliza moja tu. Aliomba karatasi. Alisimama pale kwenye mnyororo akamwambia Kalenga, "Minye niko muntu ya labo. Telefone haiko résultat. Mulete karatasi." Kalenga akamwambia majibu ya simu na ya karatasi ni kitu kilekile. Papa akasema kama urani ingekuwa kiasi hicho Hervé asingeondoka akicheka, angerudi siku hiyohiyo kuchukua chupa nyingine, ndivyo kazi inavyofanywa. Hakuna aliyemsikiliza. Akaja kwangu kwenye sekretaria, akavua kofia, akaniomba nimchapie ile ripoti aione kwa macho. Nikamwambia encre, wino wa mashine, imeisha, ikipatikana nitamchapia. Akasema sawa, Adri. Akarudi wiki iliyofuata, akauliza kama encre imefika. Nikamwambia bado. Alikuja mara nne.

Sasa nikueleze mkia ulikwenda wapi, maana hata mimi nilitaka kujua kabla sijavunja ile mashine kwa nyundo. Nilimwita Dan, yule fundi mwenye ndevu anayekaa nyuma ya posta, mtu anayeweza kukueleza jambo dogo kwa saa mbili na bado ukatoka hujui mlango ulipo. Dan alianza kwa kusema kompyuta haijui herufi. "Ordinateur haijue herufi hata moja, mama Adri, inajua numero." Kila herufi ina namba yake, na mashine zinapoandikiana zinatumiana namba tu, ile sura tunayoiona inachorwa upya kwenye kila kioo. Herufi m ni namba 109. Mikro ya kibodi yetu ya Kifaransa ni namba 181. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Wagiriki wenyewe wana herufi yao hiyohiyo, sura ileile, lakini namba 956. Nikamwuliza kwa nini herufi moja ina namba mbili. Akasema ni historia. Nchi hii ukimshika mtu na karte mbili za uchaguzi unamfunga, lakini herufi inaachiwa.

Nikamwuliza sasa mimi niliandika ipi kati ya hizo mbili. Akasema hakuna. Niliandika 109. Niliandika m. Ile police ya Symbol ilikuwa inaivalisha nguo tu: kila ikikutana na 109 inachora mkia, lakini ndani namba haikubadilika. Kwenye kompyuta yangu nguo ipo, kwenye printa yangu nguo ipo. Kalenga alipoukata mstari na kuubandika kwenye grupu, namba zikasafiri na nguo zikabaki. WhatsApp haina habari na Symbol. Ikaona 109, ikachora m, tena kwa uaminifu kabisa. Hakuna mashine iliyokosea hata moja, akasema Dan, na akatabasamu kama anayenipa zawadi. Nilitaka kumpiga.

Nikamwomba basi anionyeshe mikro ya kweli inaandikwaje. Akasema ni rahisi, unashika Alt unaandika 0181 kwenye vile vitufe vya namba vya pembeni. Mashine yangu haina vitufe vya pembeni, ni nyembamba, ndiyo uzuri wake. Akakuna ndevu. Mwishowe aliingia mahali fulani akaiambia mashine ijifanye ya Kifaransa, na sasa kitufe kinaonyesha kitu hiki na kinaandika kingine, vikaratasi vyangu vyote vimekuwa uongo, na µ imerudi. Nikaituma kwenye simu yangu ikafika na mkia. Nikakaa chini.

Yaya, umefika katikati na hukunipigia. Asante. Sasa soma hapa.

Umedhani Dan alikuja juzi. Nimeandika hivyo makusudi, na nilipoandika nilijiona bado naficha, kwa hiyo naacha kuficha. Dan alikuja siku ya tatu. Siku ya tatu baada ya mnyororo, Jumanne asubuhi, nilikuwa najua kila kitu nilichokueleza hapo juu. Encre haikuisha. Na hata ingeisha, nakala ya pili, ile ya Kalenga, yenye mkia na muhuri, ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya sanduku la mihuri, kwenye meza ileile ambapo Papa alikuwa akiweka kofia yake kila alipokuja kuniomba. Kati ya kofia yake na karatasi yake palikuwa na ubao wa droo.

Utaniuliza kwa nini. Niliogopa. Nilifikiri watu wakijua kwamba kosa lilitoka sekretaria ya Adrienne, kesho watauliza ni karatasi ngapi nyingine zimeharibika kwangu, za wanafunzi, za zahanati, za mahakama. Nilijiambia Hervé akirudi atasahihisha mwenyewe na jina langu halitatajwa. Hervé alinipigia kutoka ziwani wiki ya pili, mtandao unakatika, uvumi umemfikia, akaniuliza kama nakala ya Kalenga nayo niliichapa kwa mikro. Nikamjibu nilichapa alichoandika. Ni kweli, sivyo? Ni kweli kabisa, na ni uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema. Tangu hapo hapokei namba yangu, na ana haki. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa wiki tano, na Papa ndiye aliyeitembea na baiskeli.

Nilikasirikia mashine, nikamkasirikia Dan, Kalenga, Mama Marlène, Wagiriki, na wewe pia na sayansi yako. Umeyasoma yote hayo juu. Hasira ile ilikuwa ya kweli, lakini niliitumia kama ile police, kuvalisha kitu kingine.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimwona Papa akishuka ngazi za kanisa na watu wakimpisha kwa upana kupita kiasi. Mtoto mmoja wa Mama Marlène alitaka kumkimbilia kama zamani, akavutwa mkono. Papa akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Nikashindwa. Nilikwenda sekretaria nikaitoa karatasi, nikampelekea nyumbani, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, ya siku ya tatu na ya droo.

Aliomba miwani. Aliuweka ukucha chini ya ile herufi akaufuata mkia taratibu mpaka mwisho, halafu akarudia kwenye namba, akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokuwa akitusahihishia daftari. Nikangoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa. Akakunja karatasi, akanirudishia, akasema, "Kumbe encre ilikuwaka."

Kwamba wino ulikuwepo. Hakuna lingine. Akasimama akachukua bidoni na baiskeli. Nikamfuata mpaka barabarani nikamwomba aniachie nimchotee, angalau leo. Akasema bomba linafungwa saa nane. Akaenda.

Jumatatu nilisimama kwenye mnyororo saa ya kuchota, pale ambapo wanawake bado wanapita, nikamwita Kalenga na nikasema mbele ya wote ni nani alifuta mkia na ni nani alificha karatasi. Mama Marlène alilia, kisha akanitukana, halafu akalia tena. Nadhani nimepoteza wateja, na sijali kama nilivyodhani ningejali. Lakini Kalenga, mtu wa kisasa, aliyeamini simu bila kuuliza, sasa hataki kuamini karatasi. Anasema hawezi kufungua mnyororo kwa karatasi iliyochapwa na mtu yuleyule aliyekosea, ambaye tena ni binti wa mwenye kisima. Anataka sahihi ya Hervé, kwa mkono wake, juu ya karatasi. Nilimgeuzia mgongo, maana kwa mara ya kwanza ana haki.

Ndiyo sababu nakuandikia. Hervé anarudi Lubumbashi kesho kutwa, Ijumaa. Anwani ya ofisi yake iko nyuma ya karatasi hii, na ile nakala yenye mkia iko ndani ya bahasha. Mwendee. Usimtumie picha, usimpigie, mwendee kwa miguu yako. Mwambie Adrienne amesema alimdanganya kwa maneno ya kweli na anaomba radhi. Mwombe aandike kwa bic, chini ya mstari ule, 4 µg ni sawa na 0,004 mg, aweke sahihi na tarehe. Aandike kwa vipimo vyote viwili, safari hii mtu asikose pa kushika. Kisha njoo Jumamosi kama ulivyopanga, lakini kwa basi. Kamio liache.

Siombi msamaha kwako, utanipa ukitaka. Ninaomba sahihi.

Msalimie sana Carine, wabusu watoto, na wale wa mtaani kwenu wanaonikumbuka. Idriss anakusalimu pia. Mpe chai kabla hajarudi, hali kitu njiani. Papa anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe neno gani lake. Alikuwa kwenye kiti, anafunga kamba kwenye sanduku lake la zamani la labo. Wiki tano alikataa kuondoka, watu walipomwita mchawi wa mawe alikataa kuondoka. Akaniambia nikuandikie kwamba maji hakuyaogopa hata siku moja, lakini hana tena cha kulinda hapa, na kwamba kamio likija Jumamosi litamkuta tayari.

Nimekuandikia kama alivyosema, neno kwa neno. Ningeweza kuliacha, usingejua. Lakini karatasi ya Papa sitaiweka tena kwenye droo.

Mimi mdogo wako,

Adrienne